Sauti ya Donna Mena

Napoli, 10 Juni 1965. Naahidi kusema yote kuhusu Donna Mena Capuozzo, hata yale ambayo Mwalimu Mkuu angependa niyapunguze.

Tarehe 30 mwezi huu mhudumu wa shule yetu ya wasichana anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kugonga kengele, kuwasha majiko ya kupasha madarasa joto na kuwapelekea walimu kahawa. Kengele ilipoharibika, hakuna aliyehangaika kumtafuta fundi. Donna Mena alisimama chini ya ngazi akaita, "Haya, mabinti, ndani! Elimu haiwafuati kitandani!" Ghorofa ya tatu ikasikia.

Wanafunzi wapya hawajui kwamba uso wake umo kwenye filamu. Mwaka 1947 wapiga picha walikuja mtaani kwetu. Hawakutaka waigizaji, walitaka watu, wakamkuta kwenye foleni ya maji. Katika filamu, jirani anamkimbilia na habari kwamba mumewe amerudi kutoka kambi ya mateka wa vita. Donna Mena anaweka ndoo chini, anajishika nywele, kisha anaiinua tena, maana foleni imesogea.

"Mwambie asubiri," anasema. "Zamu yangu imekaribia."

Maneno hayo hakuandikiwa na mtu. Ndivyo alivyosema kweli mwaka uliotangulia, siku mumewe, Don Ciro, aliporudi. Mzee hulalamika mpaka leo: "Vita vyote nimesubiri, halafu nisubiri na ndoo!"

Tulipoitazama filamu hiyo kwenye ukumbi wa parokia, darasa zima lilicheka huku likilia. Mama yangu, ambaye halii ovyo, aliniazima leso yake ikiwa imeshalowa.

Lakini Donna Mena aliitazama mara moja tu. Huko Roma, filamu ilikomaliziwa, walimwondolea sauti, wakamwekea ya mwigizaji.

"Bibi yule anaongea kama anaogopa kuchafua meno," husema. "Ndoo yangu, mume wangu, maneno yangu. Sasa sauti ya nani?"

Asante, Donna Mena, kwa majiko, kwa kutufichia uchelewaji wetu, na kwa kutukemea kwa upendo. Tunakuombea miguu iliyopumzika na asubuhi zisizo na kengele.

Jumamosi tunakuaga kwa filamu hiyohiyo. Padre Liborio wa parokia amekubali: ikifika foleni ya maji, atazima sauti, na sisi sote tutanyamaza. Kiti chako kiko mbele kabisa, kando ya Don Ciro. Tafadhali tujibu kesho asubuhi, pale pale chini ya ngazi: utayasema maneno yako mwenyewe?