Nne Kila Mstari

MARLYS: Haloo? Brynn? Ni wewe au mama yako?

BRYNN: Ni mimi. Nani mwenzangu? Unakatika.

MARLYS: Mama yako mdogo, Marlys. Ndiyo kwanza natoka zamu hospitalini, niko barabarani. Hujambo, mwanangu?

BRYNN: Nipo.

MARLYS: Bibi Kucera, jirani yenu, kanikamata jana kanisani, kwenye mlo wa samaki wa Ijumaa. Anasema Jumanne gari lako liliingia kwenu limejaa mablanketi na masufuria hadi dirishani. Anasema wamekufukuza huko Kolorado, umeua mzee wa watu, tena mzee mwenyewe alikuwa anakula jeli na kukuchekea.

BRYNN: Jeli kaitoa wapi?

MARLYS: Yule hata mtaa ukilala yeye anaona. Lakini gari—

BRYNN: Gari ni kweli. Mkataba wa unesi wa wiki kumi na tatu, nimemaliza moja. Mzee hajafa.

MARLYS: [anashusha pumzi] Basi afadhali.

BRYNN: Siku mbili alipumua kwa mashine. Mke wake alikaa hapo na koti la mzee mapajani.

[Mkwaruzo.]

MARLYS: Haloo? Nimepita bondeni. Ilikuwaje?

BRYNN: Walinifundisha siku moja tu, nyingi ya hiyo kwenye kompyuta. Siku ya nne wakanihamishia wodi ya kifua. Nesi wa mkataba ndiye wa kwanza kuhamishwa, hulijui hilo?

MARLYS: Nalijua.

BRYNN: Mzee ana mrija ubavuni, unatoa hewa kifuani. Wakaja kumchukua kwenda kupigwa picha. Nikaona kisanduku cha maji mwisho wa mrija kinatoa mapovu, nikaogopa kitamwagika njiani. Nikaubana.

MARLYS: Ukaubana mrija unaotoa mapovu.

BRYNN: Ndiyo.

MARLYS: Brynn, ile hewa ikikosa pa kutokea—

BRYNN: Sasa najua. Kwenye lifti alikuwa amegeuka buluu.

MARLYS: Hapakuwa na mtu wa kumuuliza?

BRYNN: Alikuwepo. Nesi mmoja mnene, mpole, hatua tatu kutoka nilipo. Niliona aibu. Asubuhi ile alikuwa amesoma fomu yangu ya ujuzi akasema, "Ah, wewe mirija ni nne, hunihitaji."

MARLYS: Mwanangu...

BRYNN: Nne maana yake naweza peke yangu, naweza na kumfundisha mwingine. Mrija ule niliuona mara moja, hapo hospitali kwetu, nimesimama mlangoni na sinia la mtu.

MARLYS: Kila mtu anajaza nne. Wakala wa kazi akiona mbili mbili anaiweka fomu chini ya—

BRYNN: Ulivyoniambia. Mezani kwako, unakula tambi. "Weka nne kila mstari, utajifunza hukohuko."

MARLYS: Nilikuwa nakusaidia. Miezi kumi wodini kwangu ulikuwa unalia unataka kuona dunia.

BRYNN: Nilikuwa nalia, ndiyo. Wewe ndiye mkuu wa wodi.

[Mkwaruzo.]

MARLYS: Unakula lakini? Mama yako anasema hushuki kutoka chumbani.

BRYNN: Tegan wa wodini kwako ameniandikia. Anataka kuondoka Agosti. Nimwambie nini?

MARLYS: Tegan? Bado mbichi yule. Akae mwaka mwingine, ikiwezekana miwili. Akipigiwa na hospitali aulize watamhamishia wodi zipi, wagonjwa wangapi, atafundishwa siku ngapi. Na majibu yaandikwe kwenye mkataba, maana ya mdomo hayamsaidii mtu. Asipojua kitu aseme hajui, hata kama—

BRYNN: Mbona unayajua yote?

MARLYS: Miaka thelathini na moja, nitakosa kuyajua?

BRYNN: Mimi mbona hukuniambia?

MARLYS: Bado miaka miwili nistaafu, Brynn.

BRYNN: Sijakuuliza hilo.

MARLYS: Nimepika maharage na nyama. Nitapitia hapo nikuwekee bakuli mlangoni, kama hutaki kuniona.

BRYNN: Bodi ya leseni wananipigia Alhamisi. Wataniuliza ule mrija niliwahi kuushika mara ngapi. Fomu inasema mara nyingi, na chini kuna sahihi yako kwamba ulinishuhudia.

MARLYS: Umeshawatajia—

BRYNN: Sijamtaja mtu. Mrija niliubana kwa mkono wangu, hilo nitalisema mwenyewe na sitakusukumia. Lakini nikisema sikuwahi kuushika, ni neno langu dhidi ya sahihi yako. Nitaonekana mjinga, tena mwongo, na leseni yangu haina hata miaka miwili.

MARLYS: Mtandao huku—

BRYNN: Wapigie wewe kwanza. Jumatatu, kabla hawajanipigia. Waambie ulijua sijui. Maneno mawili tu, mama mdogo. Utawapigia?

[Mkwaruzo, kisha laini inatulia.]

BRYNN: Mama mdogo?

[Kimya.]

BRYNN: Hujakata. Naisikia redio ya gari lako.