Mama Mizani na Maji Saba

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mtengenezaji dawa wetu mwandamizi anastaafu baada ya kuitumikia hospitali hii miaka thelathini na minne, yote katika chumba kimoja chenye mizani mbili, sinki na dirisha lisilofunguka. Wengi tunamjua kwa jina la Mama Mizani.

Alianza kama mwosha chupa. Hesabu za uzito wa atomi alijifunza kwenye masomo ya jioni, huku mumewe akishika jiko na watoto. Aliporudi na cheti alikabidhiwa mizani, na tangu hapo hakuna mgeni aliyeanza kazi bila kuulizwa uzito wa fomula ya chumvi ya mezani. Mfamasia mkuu wetu wa sasa, siku yake ya kwanza, alijibu hamsini na nane. Jibu ni hamsini na nane na nusu, na Mama Mizani akamwuliza kwa upole ile nusu kamwachia nani.

Alipojua tunaandika haya, aliomba tusiiruke siku aliyokosea. Tunamtii.

Ulikuwa mwaka wake wa kumi na moja. Alikuwa akitengeneza maji ya sindano ya magnesi salfeti, dawa ya wajawazito wenye kifafa cha mimba. Alipima gramu zilezile za siku zote, akakoroga. Chombo kikapata joto mikononi mwake, jambo lisilo la kawaida. Alishangaa kidogo, akaendelea, kwa kuwa kazi alishaizoea. Chupa mbili zikapelekwa wodi ya wazazi.

Wakati wa chai lile joto likamrudia akilini. Akaenda kusoma lebo ya kopo la unga. Lilikuwa jipya, la rangi ileile, ila unga wake ulikuwa mkavu, usio na maji ndani ya fuwele. Akapiga hesabu nyuma ya fomu: magnesi 24, salfa 32, oksijeni nne 64, jumla 120. Ule wa zamani hubeba pia molekuli saba za maji, kila moja 18, yaani 126 zaidi, jumla 246. Kwa gramu zilezile, dawa ilikuwa mara mbili na ushee ya inayotakiwa. Kiasi hicho kinaweza kumkata mtu pumzi.

Alipanda ghorofa mbili mbio, viatu mkononi. Mkunga mkuu alikuwa ameshavuta dawa kwenye sindano.

"Usimchome, dada," alisema. "Nimekosea mimi."

Mkunga aliiweka sindano chini bila kuuliza, akamrudishia chupa zote mbili. Mgonjwa alipewa dawa ya akiba, akajifungua salama.

Mkubwa wa wakati ule alitaka yaishe kimyakimya, maana hakuna aliyeumia. Mama Mizani aliandika taarifa kwa mkono wake, akaipeleka mwenyewe. Akaondolewa kwenye mizani miezi mitatu, akarudi kuosha chupa. Mimi ninayeandika haya nilikuwa mwosha chupa wakati huo, sinki moja naye. Hakulalamika. Siku moja tu aliniambia kwamba kinachomnyima raha si adhabu. Ni kwamba mikono yake ilimwonya, naye hakuisikiliza.

Aliporudishwa, alikuja na sharti: watu wawili wapige hesabu, kila mmoja peke yake, kwa kusoma lebo ya kopo, kabla ya kugusa unga. Zisipolingana, kazi isimame. Wapo waliomcheka kuwa anatuchelewesha. Kwa miaka ishirini na mitatu sasa, hesabu zimekataa kulingana mara arobaini na moja. Mara zote arobaini na moja kazi ilisimama, na hakuna chupa mbaya iliyofika wodini.

Mama Mizani, tunakushukuru kwa kazi, na zaidi kwa kusema kweli siku ambayo ungeweza kunyamaza. Mzee wako nyumbani amekusubiri vya kutosha. Nenda kwa amani, uwe na afya, na siku zilizo mbele yako ziwe nyingi na nyepesi.