Mvua yenye Adresi

Minibasi ilipotoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Pasta Lucien alikuwa anatunga kimoyomoyo maombi ya jioni ya kuomba mvua. Nyuma yake mama mmoja alimwuliza mzee jirani yake, mkulima: “Mahindi ikikauka, ile bima itakulipa?”

“Batu ya bima habaangalie shamba. Banaangalia kipimo cha mvua kule stesheni ya hali ya hewa. Kikikosa maji, njo banalipa.”

“Na mvua ikinyesha kule, kwako hapana?”

“Nakosa yote, mahindi na bima.”

“Sasa unaomba Mungu nini?”

“Inyeshe kwangu, iruke kipimo!”

“Muzee, hiyo ni wizi!” Mama alicheka mpaka kitambaa kikamteleza kichwani.

Gari liliposimama kituo cha Kawale walikuwa bado wanabishana. Mzee akaiona Biblia ya Lucien. “Pasta, mukiomba mvua, mupe Mungu adresi.”

Lucien alitaka kumkemea. Akajikuta anauliza, “Shamba iko wapi?”