Tutapigwa, Dada Odessa

Wasikilizaji wapendwa, mimi ni Odessa Crume, na leo laini namba tatu haijawaka. Ninyi wa siku zote mnajua maana yake. Kila siku ya mechi ya mtoano, kabla sijamaliza hata kuwasalimu, taa ya laini namba tatu ilikuwa inawaka, na sauti nzito inasema, "Tutapigwa, dada Odessa." Namwuliza, "Kwa pointi ngapi, mzee wangu?" Ananijibu, "Ishirini. Na hapo Mungu awe ametuhurumia."

Huyo ni Mzee Orville Tibbs. Mzee Tibbs amefariki. Amefariki Alhamisi asubuhi, nyumbani kwake hapa Cleveland, karibu na barabara ya Kinsman. Moyo ndio uliochoka. Leo ni Jumapili, na leo jioni ni mechi ya saba. Sisi tumeshinda tatu, Boston wameshinda tatu. Atakayeshinda leo anasonga mbele, atakayeshindwa msimu wake umekwisha.

Na Mzee Tibbs ameondoka bila kutabiri mechi ya saba. Narudia, maana simu zenu hazikomi tangu juzi: hakuna utabiri. "Odessa, alisema nini?" "Odessa, alimwachia nani neno?" Jamani, hakusema. Kahawa yangu imepoa hapa mezani, sijaionja.

Mzee Tibbs alikuwa dereva wa jiji. Aliendesha lile gari kubwa la kusukuma theluji, miaka yote mpaka alipostaafu. Mkiamka mkakuta barabara ya Kinsman inapitika, mjue yeye alishapita. Alipenda soseji iliyofunikwa chipsi na kabichi, ile ya kula umeinama ili usichafue shati, na yeye shati lake lilikuwa na doa siku zote. Alipenda kwaya ya kanisani kwake. Na alipenda timu yetu ya mpira wa kikapu. Aliipenda vibaya sana.

Wengine hamkumwelewa. Mnamkumbuka Curtis, yule wa mtaa wa Buckeye? Siku moja alipiga simu anafoka: "Huyo mzee ni wa Boston! Kila siku tutapigwa, tutapigwa! Mwambieni avue jezi yetu!" Mzee Tibbs bado alikuwa hewani. Akamjibu taratibu, "Kijana, jezi hii niliivaa kabla mama yako hajamjua baba yako. Kaoshe masikio, halafu unisikilize. Tutapigwa."

Na mpira aliujua. Maoni alikuwa nayo mengi, na mengine yalikuwa ya kweli tupu. "Kocha anamtoa yule mrefu wetu kila robo ya tatu. Amemkosea nini? Anamkalisha benchi kama mizigo ya mgeni!" Au hili la wiki iliyopita: "Mitupo huru, dada Odessa! Mtu hakabwi, haguswi, amesimama peke yake, halafu anakosa! Mimi na goti langu hili bovu napata." Ungemsikiliza mpaka mwisho, ungeona kila hoja yake inaonyesha kwamba tunaweza kushinda. Halafu anamalizia palepale: "Lakini tutapigwa."

Jana nilikwenda msibani. Binti yake, Verlene, ambaye ni muuguzi, alinikaribisha jikoni akanieleza yale ambayo baba yake hakutaka kuyasema redioni. Ameniruhusu niwaambie.

Zamani, Verlene akiwa bado msichana wa shule, mama yake aliugua. Mama Earline. Ilikuwa majira kama haya, na timu yetu ilikuwa imefika mechi ya saba kama leo. Mzee Tibbs alizunguka na habari njema mdomoni. Kanisani, kazini, kwa majirani, kote alisema, "Mke wangu atapona, na kombe tunachukua." Tukafungwa mechi ile. Na Mama Earline akafariki wiki ileile.

"Tangu hapo," Verlene akaniambia, "Baba hakutabiri tena jambo jema. Nilimwambia, Baba, mpira hausikii unayosema. Akaniambia, 'Najua hausikii. Ila mimi sijaribu tena.'"

Basi binti huyu alikua hivyo. Anakwenda kwenye mtihani wa uuguzi, baba yake anamwambia mlangoni, "Utafeli." Siku ya harusi yake, amemshika mkono wanaingia kanisani, anamnong'oneza, "Ndoa hii haifiki Krismasi." Verlene alicheka huku machozi yanamtoka. "Watu walidhani tuna wazimu. Mimi nilijua ananiombea." Ndoa ipo mpaka leo. Mume wake ndiye aliyenifungulia mlango.

Na mechi zenyewe hakuweza kuzitazama mpaka mwisho. Dakika za mwisho anatoka uani, anashika mpira wa maji, anamwagilia majani. Mvua inanyesha, na yeye anamwagilia! Kila mara anasogea dirishani: "Verlene, wameshatupiga?" "Bado, Baba." "Watatupiga tu." Anarudi kwenye majani yake.

Mwaka huu moyo ulipoanza kumsumbua, kila asubuhi alimpokea binti yake kwa maneno yaleyale. "Mimi leo sifiki jioni." Verlene akisikia hivyo roho inatulia, anakwenda kupika uji. "Kwangu ilikuwa kama anasema hajambo," akaniambia. Jumanne tulishinda mechi ya sita. Alishatabiri tutapigwa, mlimsikia wenyewe.

Jumatano nilimngoja apige alalamikie mitupo huru, lakini taa ya laini namba tatu haikuwaka. Nilijiambia amelala. Kumbe asubuhi hiyo Verlene aliingia chumbani na bakuli la uji. Alikuwa hajalala siku nyingi, na uso wake ulisema hivyo. Baba yake akamtazama sana. Kisha akasema, "Mwanangu, nitapona. Wala usihofu."

Bakuli likamponyoka.

"Nilimpigia kelele," Verlene akaniambia. "Nilimwambia, Baba, usiseme hivyo! Sema unakufa! Sema hufiki jioni!" Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akamshika mkono, akasema tena, "Nitapona. Nenda kalale."

Alhamisi asubuhi hakuamka.

Nilimwuliza Verlene anadhani kwa nini alisema vile. Alikuwa anafuta meza ambayo ilishafutwa. Akasema, "Alijua, dada Odessa. Ametunza maneno mazuri maisha yake yote, akanipa siku ambayo hayawezi tena kuharibu kitu. Alitaka tu nikalale." Akakunja kitambaa. "Na nililala. Namshukuru, na nina hasira naye."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Verlene, kwa mume wake, kwa kwaya ya kanisa lake na kwa madereva wenzake wa jiji. Poleni sana. Hata wewe Curtis, pole, najua umelia, mke wako ameniambia. Na leo, kabla ya mechi, hebu mtafute yule mtu wako wa nyumbani ambaye kila siku anakwambia utachelewa, utaanguka, utaibiwa, utashikwa na baridi. Kaa naye kidogo. Msikilize upya. Huenda anakupenda kwa njia pekee ambayo haimtishi.

Mimi mwenyewe sijui nimalizie vipi. Fundi wetu wa mitambo hapa amefungua mdomo kusema tutashi... nimemrushia kalamu. Nyamaza wewe! Leo hakuna mtu...

Ngojeni. Ngojeni kidogo. Laini namba tatu inawaka.

"Haloo?"

"Dada Odessa. Ni Verlene."

"Verlene, mama. Pole. Uko wapi?"

"Niko nyumbani kwa Baba. Nimevaa jezi yake. Inanifika magotini." Anapumua. "Tutapigwa, dada Odessa."

"Kwa... samahani. Kwa pointi ngapi, mama?"

"Ishirini. Na hapo Mungu awe ametuhurumia. Yule mrefu wetu atatolewa robo ya tatu, mitupo huru tutakosa yote. Hatuna letu. Mimi naenda kumwagilia majani."

Amekata simu.

Mmesikia, wasikilizaji wapendwa. Mpira unarushwa saa moja jioni. Vaeni jezi zenu, washeni redio zenu, na atakayewauliza mwambieni wote kwa sauti moja: tutapigwa.