Mzee Yoeli Nzuki Kilonzo, Aliyeyauliza Magari Maswali (1932–1996)

Miaka huja taratibu ikapita taratibu, na aghalabu binadamu huitambua ikiwa imekwisha kumpa mgongo. Mzee Yoeli Nzuki Kilonzo alijaliwa miaka sitini na minne. Aliianza katika vilima vya Mbooni wakati ambapo mlio wa injini uliwafanya watu waweke majembe chini wakatazame, akaimaliza katika siku ambazo hata mbuzi hawageuzi shingo gari likipita.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1932, Mbooni, wakati huo ikiwa wilaya ya Machakos na sasa Makueni. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Kilonzo na marehemu Mama Kalunde. Baada ya miaka sita alimpata ndugu yake wa pekee, Stefano Mutiso.

Aliingia shule ya misheni mwaka 1941. Baba yao alipofariki mwaka 1945, Nzuki alistahimili miaka miwili zaidi darasani, kisha akaacha ili mdogo wake apate nafasi ya kuendelea. Hata hivyo hakuacha kusoma. Biblia ya Kikamba aliisoma yote mara nne, na vitabu vya maelekezo ya magari alivisoma kwa unyenyekevu uleule, penseli mkononi.

Mwaka 1950 aliajiriwa Kitui kuwa utingo wa malori ya barabara, na mwaka 1954 akakabidhiwa usukani. Kwa miaka kumi na saba alisafiri hadi Mwingi na Nuu, akivuka mito ya mchanga ambamo lori lililokwama lilitolewa kwa matawi, majembe na sala. Tarehe 12 Desemba 1959, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Bi. Muthoki, nao wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 1972 alifungua gereji katika soko la Kwa Vonza, na jina lake likavuma kwa jambo moja: mtu hakununua gari kabla Fundi Nzuki hajaliangalia. Yeye hakutazama rangi. Aliuliza maswali matatu. Lina vinya? Litabeba nini? Spea zake ziko wapi? Katika Kikamba, vinya ni nguvu, na mituki ni mbio. Marehemu alishikilia kwamba wanunuzi wengi hulipia mituki wakidhani wamenunua vinya. Mwenyewe aliendesha Peugeot 404, pikapu, iliyoyajibu maswali yote matatu.

Mchuuzi mmoja wa mbuzi kutoka Nuu, Bwana Ndululu, alimletea siku moja gari la kuazima alilokusudia kulinunua.

"Fundi, hili linakimbia mia na arobaini!"

"Kutoka wapi mpaka wapi?"

"Barabara ya Mombasa."

"Wewe unakaa Nuu. Mbuzi utawapakia wapi, kwenye hiyo mia na arobaini?"

Bwana Ndululu alilirudisha gari hilo, akatafuta pikapu.

Kipimo chake cha mwisho kilikuwa mama yake, Mwaitu kama walivyomwita kwa Kikamba. Gari ambalo Mama Kalunde hakuweza kuliingia kwa heshima, akiwa na kitambaa chake cha kanisani kichwani, hakulihesabu kuwa gari la familia. Ni kipimo hicho kilichomletea huzuni kubwa ya maisha yake.

Mwaka 1974 Mutiso, aliyekuwa karani wa posta mjini Machakos, alinunua gari dogo jekundu la milango miwili. Kila Jumamosi alilileta mpaka chini ya mlima wa nyumbani, naye mama akateremka kwa miguu kumlaki, ndipo wazunguke pamoja sokoni. Siku ya Krismasi ya mwaka huo, mbele ya waumini waliotoka ibadani, Nzuki aliligonga gari hilo boneti akasema, "Mutiso, mituki ninaiona. Vinya je? Mlima huu tu limeushindwa, Mwaitu anateremka kwa miguu. Na akifika, anaingia nyuma kinyumenyume kama kuku anayesukumwa kapuni!"

Watu walicheka. Mutiso hakucheka. Alifunga mlango polepole, akasema, "Sawa, kaka. Halitakusumbua tena."

Jumamosi iliyofuata hakuja. Alituma barua na sukari kwa mikono ya watu, lakini yeye hakupanda Mbooni kwa miaka minne na zaidi. Nzuki alijiambia kwamba alikuwa amesema kweli, na kwamba ukweli hauombewi msamaha.

Mwezi wa Agosti 1979 mama yao aliumwa magoti. Nzuki alipandisha pikapu mpaka mlangoni pake, akamfungulia mlango kwa fahari.

"Umeona, Mwaitu? Hili linafika mlangoni."

"Nimeona, mwanangu. Lile jekundu lilikuwa linaniletea Mutiso."

Mama akaendelea, "Na halikushindwa na mlima. Mimi ndiye niliyemwambia alisimamishe chini. Nilikuwa nikivaa mapema nikateremka polepole, ili kila mwenye macho aone nimefuatwa na mwanangu. Wewe unaliuliza gari. Mimi hukuniuliza."

Wiki hiyo hiyo Nzuki alivaa suti yake ya Jumapili, akaiacha pikapu nyumbani, akapanda basi hadi Machakos. Mutiso alimkuta nje ya posta saa za kufunga kazi.

"Kaka! Pikapu imeharibika?"

"Haijaharibika. Nimekuja unibebe. Nilikuaibisha mbele ya watu, na kwa jambo nisilolijua. Nisamehe, ndugu yangu."

Mutiso alifungua mlango wa gari jekundu. Alilaza kiti cha mbele. Nzuki, aliyekuwa mtu wa kilo tisini, alijaribu kupita kuelekea nyuma, akakwama nusu ndani, nusu nje.

"Nisukume basi!"

"Nikusukume kama nini?"

"Kama kuku."

Hapo Mutiso alicheka mpaka akaegemea boneti, kisha akamsukuma. Walipofika chini ya mlima, mama yao alikuwa ameteremka kwa fimbo, kwa kuwa alikuwa ameutambua mlio wa gari lile tangu mbali. Alimtazama mkubwa wake aliyejikunja kiti cha nyuma, akaketi mbele, akasema, "Leo lipande." Likapanda na watu watatu, bila kukohoa.

Tangu siku hiyo Fundi Nzuki aliwaongezea wanunuzi swali la nne: "Litamleta nani?" Spea za gari jekundu zilipoadimika, alizichonga mwenyewe. Mama Kalunde alifariki mwaka 1986, akiwa ameletewa wanawe wote wawili kila Jumamosi aliyojaliwa.

Mwaka 1992 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari. Kila mwezi Mutiso alitoka Machakos kumpeleka hospitalini Kitui kwa gari lile, kiti cha mbele kikiwa kimesogezwa nyuma kabisa kwa ajili ya mguu wa kaka yake ulioathiriwa na ugonjwa huo. Marehemu alilala katika Bwana siku ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 1996, asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe. Kwa agizo lake, leo amebebwa na pikapu, kwa sababu inabeba, na aliyeshika usukani ni Mutiso. Gari jekundu limeachwa chini ya mlima. Sisi sote tumepanda kwa miguu, kila mwenye macho aone ni nani tuliyemfuata.

Ameacha mjane, Bi. Muthoki, watoto, Kilonzo, Kasyoka na Mutindi, wajukuu tisa, na ndugu yake, Stefano Mutiso.

Ee Mungu, uliyemwongoza katika mchanga na milima, mfikishe salama kwako. Mfariji mjane wake, uwalinde watoto na wajukuu, umshike mkono ndugu aliyebaki. Nao wote waliotengana kwa neno, uwape njia ya kurudiana kungali na nafasi. Amina.