Kamba Iliyolowa

Benchi la Eduvina, muuza kahawa, linatazamana na geti la chuo, pale mjini Bucaramanga, na asubuhi hiyo alimimina huku akitazama geti. Saa nne mjukuu wake Nohora anasimama mbele ya wakubwa watatu wa chuo kutetea kazi yake ya miaka mitano. Wakiikataa, baba yake keshasema: anarudi nyumbani kuuza dukani. Eduvina hajasoma, ila hilo alilielewa.

Nohora alikuwa akiwajaribia wazee wa benchi maneno yake. Ulimwengu unatanuka, tena unazidisha mbio. Wengi wanadai kuna nguvu ya giza inausukuma. Yeye anasema hakuna kilichojificha. Ni vipimo vyenyewe, fimbo ya kupimia hubadilika urefu ukiihamisha toka hapa kwenda pale.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Bawaba, fundi milango. Ulimwengu unamkimbia mke.

Karani, mstaafu wa mahakama, akabisha: ni donge la unga, limetiwa hamira nyingi, na mpishi kasahau jiko. Bawaba akapanda juu zaidi, kwamba nyota zote zimening'inia kwenye bawaba moja, nayo imelegea.

Eduvina akawaacha wachoke.

— Kaka zangu, Tobías na Joselín, mnawakumbuka? Tobías kapima shamba kiangazi. Joselín kapima masika, kamba ileile ya katani, imelowa, imesinyaa, hesabu zikatofautiana. Wakaitana wezi mpaka wakazikwa. Na hakuna aliyeiba.

Nohora akamgeukia.

— Bibi, miaka mitano natafuta mfano huo, nawe unao tu hapo?

— Uliwahi kuniuliza?

Mama mmoja aliyekuwa akingoja basi akasogea na kikombe chake.

— Samahani, mwanangu. Na kama vyote vimelowa, kamba, shamba, na huyo anayepima? Mtajuaje kamba imesinyaa?

Eduvina alidhani mtoto atalia, lakini Nohora alitoa kalamu, akaliandika swali lile juu ya ukurasa wa kwanza wa kazi yake.

— Wakikuuliza hilo je? aliuliza Eduvina.

— Wasipouliza, nitauliza mwenyewe. Nitawaambia sijui, halafu nitawaonyesha pa kuanzia kutafuta.

— Na baba yako?

— Duka ni lake, bibi.

Akavuka barabara. Karani akanyoosha kikombe aongezewe. Eduvina akaifunga chupa ya kahawa, akavua aproni.

— Kahawa imeisha, alisema, akamfuata mjukuu wake getini.