Oda ya Vitanda vya Wachanga

Bwana Meneja, wakuu wa vitengo, mafundi wa karakana, wenzangu wa upakiaji mnaocheka kabla sijasema, na wewe Mama Ratiba, mwenye siku yako: wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Nimeambiwa nimuage Mama Ratiba kwa sababu Jumatatu nakalia kiti chake. Kukalia kiti si kazi. Kilicho mbele ya kiti ndicho kinachonivuruga akili.

Nilipotolewa upakiaji nikafundishwe kupanga kazi kwenye kompyuta, nilijua oda ni oda: mteja anataka, fundi anatengeneza, sisi tunafunga. Kumbe kuna oda za muda mrefu! Mteja anasema mwaka huu atahitaji vitanda vingi, ila hasemi lini. Sasa hiyo ni oda au si oda? Nikamuuliza Mama Ratiba.

"Mwanangu, ahadi inaandaa mbao. Wito, mteja anaposema 'leteni sasa', ndio unaowasha msumeno."

"Na akiahidi asiite?"

"Unasubiri."

"Na akiita zaidi ya alichoahidi?"

"Hapo unaniita mimi."

Mnakumbuka programu hii ilipokuwa mpya, ikachukua ahadi ya madawati ya mwaka mzima ikaipanga yote wiki moja? Madawati yakajaa hadi getini, gari la meneja likakosa pa kutokea. Mama Ratiba akasimama kwenye ngazi: "Jamani, mgeni kasema atakula hapa mwaka mzima, nyie mmempikia chote leo!" Nilicheka nanyi, lakini moyoni nikajiuliza: mimi ningejuaje?

Bado sijui. Kuna oda ya hospitali, vitanda vya watoto wachanga. Kwenye kompyuta bado iko wazi, haijafungwa, mbao zake ziko stoo, wito hauji. Meneja kaniambia Jumatatu niifute, mbao ziende kwa mteja wa makabati, ambaye yeye keshaita. Bwana Meneja, pengine ndivyo inavyotakiwa. Lakini mwanangu alizaliwa hospitali ile, akalazwa kitanda kimoja na mtoto wa mama mwenzangu, kisigino cha huyu kwenye shavu la yule. Nikibonyeza kufuta, nafuta nini hasa: mbao, au mahali pa kulala pa mtoto ambaye bado hajaja?

Jana, tukifungasha vikombe vyake, nilimuuliza Mama Ratiba, nikijua jibu analo. Akasema, "Hata mimi sijui. Ulipokuwa mjamzito, siku uliijua?"

"Sikuijua."

"Nepi ulinunua?"

"Nilinunua."

Akaendelea kufunga vikombe.

Basi Bwana Meneja, mbele ya mashahidi wote hawa naomba: kabla sijafuta, niruhusu nivae viatu vyangu vya heshima niende nikamuulize mtunza stoo wa hospitali, macho kwa macho. Akisema hawavihitaji tena, nitafuta kwa kidole changu mwenyewe. Akisema bado, mbao zisiguswe.

Naona meneja anatikisa kichwa. Sijui anakubali au ananishangaa. Mama Ratiba, wewe uliyemzoea, hiyo ni nini? Mama ananionyesha kidole gumba, jamani! Basi ni ndiyo.

Mama, nenda ukapumzike, umetupanga vya kutosha. Mimi naahidi kujaribu. Ila simu usiizime: nikiita, pokea.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio.